Paka Anapojikuna Uso: Soma Kidonda Kabla ya Kupaka Dawa

Paka akianza kujikuna uso mpaka akatoka damu, wengi wetu hapa Mombasa hukimbilia mlango mmoja kati ya miwili. Wa kwanza ni duka la dawa la mtaani, ambako huuzwa krimu ile ile anayopakwa mtoto mwenye mapunye. Wa pili ni agroveti, ambako muuzaji huvuta dawa ya ng'ombe kwenye bomba la sindano na kusema, "Mchome hii, Mama, atapona tu." Mara nyingine paka hupona kweli. Mara nyingi hutulia wiki mbili, kisha mambo yakarudi vile vile, na safari hii paka wa jirani naye anajikuna. Na wako wanaokufa, watu wakasema upele umemmaliza, kumbe kilichommaliza ni dawa.

Kuwashwa usoni si ugonjwa. Ni dalili inayoweza kuletwa na utitiri, viroboto, kuvu, mbu, chakula, jua, au jino la paka mwingine, na dawa inayotibu kimoja yaweza kukichochea kingine. Ndiyo maana nasisitiza, na nitalirudia hili: usipake kitu kabla hujajua unapaka kwa nini. Uso wa paka husomeka. Uwasho ulianzia wapi, paka ana umri gani, manyoya yake ni ya rangi gani, analala wapi, anakula nini, na ni nani mwingine nyumbani anayejikuna? Ukiwa na majibu hayo, daktari wa mifugo huwa amekaribia sababu kabla hata hajasogelea hadubini.

Kwanza tuondoe hofu mbili zisizo na msingi. Kati ya jicho na sikio paka wengi wana manyoya machache mno, hasa wenye manyoya mafupi, na ngozi huonekana wazi. Hapo hakuna ugonjwa, ilimradi pande zote mbili zinafanana na ngozi ni laini, haina wekundu wala magamba. Pili, paka wa rangi ya chungwa wakikua hutoka vidoadoa vyeusi midomoni, puani na kwenye kope. Vikiwa bapa, visivyowasha wala kukua, ni alama tu.

Sasa tuanze na ukingo wa sikio, kwa sababu ndiko unakoanzia upele wa paka wenyewe. Husababishwa na utitiri usioonekana kwa macho, Notoedres cati kwa jina la kitaalamu, unaochimba mashimo ndani ya ngozi na kutaga humo. Siku za mwanzo ukingo wa sikio huwa mgumu na kuota magamba ya kijivu. Kisha magamba hushuka kwenye paji la uso, juu ya macho, mashavuni na shingoni, na ngozi hukunjamana mpaka kipaka cha miezi minne kikawa na uso wa kizee. Paka hujikuna usiku na mchana. Miguu ya mbele nayo hushikwa, kwa kuwa ndiyo anayoosha uso nayo, na hata eneo la mkia, kwa kuwa hulala amejikunja uso ukigusa huko. Utaona paka wa namna hii kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, nyuma ya vibanda vya Kongowea, na popote panapoparwa samaki. Shume mmoja mwenye upele akipita barazani kwako kila alfajiri na kulala pale pale anapolala paka wako, imetosha. Ugonjwa huu huambukiza kwa kugusana, na kwa kasi.

Upele huu unatibika vizuri kuliko karibu yote nitakayoyataja. Ziko dawa za matone yanayodondoshwa kwenye ngozi ya kisogo, kama selamektini, ambazo hupenya mwilini na kuua utitiri. Mzunguko wa maisha ya mdudu huyu ni karibu wiki tatu, kwa hiyo dozi moja isiyorudiwa mara nyingi haitoshi: mayai yaliyosalia huanguliwa na kila kitu kikaanza upya. Na paka wote wanaokaa pamoja hutibiwa siku moja, hata yule asiyejikuna.

Ndani ya sikio kuna utitiri mwingine, ambao hauchimbi ngozi. Dalili yake ni uchafu mweusi mkavu unaofanana na masimbi ya kahawa. Paka hutikisa kichwa na kujikuna nyuma ya sikio kwa mguu wa nyuma mpaka kucha zikachana ngozi, na kidonda hicho cha shavuni au shingoni ndicho anachokiona mwenye paka na kukipaka dawa. Kidonda hakiponi kwa sababu kinachokichochea kiko sikioni. Kwa hiyo kila paka mwenye kidonda cha shavu, mwangalie sikio kwanza. Usichokonoe kwa kijiti cha pamba, utasukuma uchafu ndani na pengine kutoboa kiwambo.

Viroboto tunawajua, au tunadhani tunawajua. Kiroboto wa kawaida wa paka hupenda mgongo na shina la mkia, lakini paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto anaweza kutokwa na vipele vidogo kama chembe za mchele shingoni na usoni, hata kama kwenye manyoya yake hukuti kiroboto hata mmoja, maana paka ni hodari wa kujisafisha. Chukua kitana chenye meno ya karibu, mchane, kisha kung'utia uchafu juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Chembe nyeusi zikitoa rangi nyekundu kama kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu iliyosagwa. Mayai, viluwiluwi na vifukofuko viko mkekani, kwenye zulia na chini ya kochi, na viroboto wazima unaowaona juu ya paka ni sehemu ndogo tu ya jeshi lote. Joto na unyevu wa Pwani hauwapi viroboto likizo mwaka mzima.

Kuna mwingine ambaye wengi hawamtambui hata akiwa mbele ya macho yao: kiroboto wa kuku. Huyu haruki ovyo kama yule wa kawaida. Hujigandamiza kwenye ngozi na kubaki hapo hapo, na mahali anapopapenda ni ukingo wa masikio na kuzunguka macho, palipo na manyoya machache. Utaona kama punje nyeusi au za kahawia zilizokusanyika pamoja, na mtu hudhani ni uchafu au magamba mpaka ajaribu kuzifuta zikakataa kutoka. Kwenye ua wenye kuku wa kienyeji, kuanzia Kisauni mpaka Likoni na Changamwe, hili ni jambo la kuliuliza kabla ya lolote. Wachache huondolewa kwa kibano kidogo, taratibu. Wakiwa wengi, daktari hutoa dawa. Lakini mayai yao huanguka kwenye mchanga na vumbi pale kuku wanapojigaragaza, na viluwiluwi hukulia humo, kwa hiyo ukimtibu paka ukaliacha banda la kuku lilivyo, baada ya wiki chache utamkuta na punje zile zile.

Mbu nao wana eneo lao, hasa mgongo wa pua na masikio. Baadhi ya paka wana mzio wa kuumwa na mbu, na hapo mtu huona vipele, vigamba na vidonda vidogo juu ya pua, pengine rangi ya ngozi ya pua ikafifia. Hali huwa mbaya baada ya mvua za masika, maji yanaposimama kwenye makopo na mifereji, na kwa paka wanaolala nje. Kipimo chake unaweza kukifanya mwenyewe: mlaze paka ndani usiku, chumba chenye nyavu madirishani, kwa muda wa wiki moja. Pua ikitulia bila dawa yoyote, mkosaji umempata.

Chini ya kidevu kuna chunusi. Ndiyo, paka hupata chunusi. Huanza kama vidoa vyeusi vinavyofanana na mchanga uliogandia kwenye manyoya ya kidevu, na nyingi hazina madhara. Zikivimba na kutoa usaha, bakteria wameingia. Sahani za plastiki zenye mikwaruzo huhifadhi mafuta na bakteria, hivyo mbadilishie bakuli la chuma kisichoshika kutu, la kioo au la kauri, ulioshe kila siku kwa sabuni na umfute kidevu kwa maji ya uvuguvugu. Usizikamue.

Choa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi katika nyumba zenye watoto. Ni kuvu, aghalabu Microsporum canis, na hushika kwanza uso, masikio na miguu ya mbele ya vipaka vichanga. Mtoto anakiokota kipaka njiani akitoka madrasa, anakilaza kifuani, na baada ya wiki mbili tatu ana duara jekundu mkononi na kaka yake ana pengo la nywele kichwani. Kwa paka, choa huonekana kama kipara chenye magamba membamba na nywele zilizokatika, mara nyingi bila kuwasha sana. Wako paka, hasa wenye manyoya marefu, wanaobeba kuvu bila alama yoyote.

Daktari anaweza kummulika kwa taa maalumu ya mwanga wa zambarau, na baadhi ya choa hung'aa kijani. Isipong'aa hakujathibitika kitu, na ndiyo maana nywele huchukuliwa kwenda kupimwa. Tiba ni ndefu, wiki sita na kuendelea, kwa dawa ya kunywa pamoja na ya kuoshea. Kazi kubwa iko nyumbani. Mbegu za kuvu hukaa kwenye nywele zilizodondoka na zinaweza kuishi zaidi ya mwaka mahali pakavu, kwa hiyo fagia na upige deki kila siku, fua matandiko ya paka peke yake, na mfungie chumba kimoja kinachosafishika kwa urahisi mpaka apone. Sakafu ya saruji au vigae ipigwe kwanza kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, isuuzwe na ikauke kabla paka hajarudi kuikanyaga. Mtoto naye apelekwe hospitali. Msimtibu paka mkamwacha mtoto, wala mtoto mkamwacha paka.

Tukiwa Mombasa hatuwezi kulikwepa suala la samaki. Paka wetu hulelewa kwa vichwa vya samaki na dagaa, na mwenye paka akiambiwa kwamba huenda chakula ndicho kinachomwasha hujibu kwamba mbona amekula hicho tangu utotoni. Ndivyo mzio wa chakula ulivyo: hujengeka kwa kitu ambacho mwili umekizoea, si lazima kiwe kipya. Samaki, ng'ombe na kuku ndivyo vinavyotajwa mara kwa mara kwa paka. Paka wa namna hii huwashwa uso na shingo mwaka mzima, hujikuna mpaka ngozi ya juu ya macho ikachubuka, wala hana utitiri, viroboto wala kuvu. Hakuna kipimo cha damu cha kutegemewa. Hupimwa kwa chakula: aina moja ya nyama ambayo hajawahi kuila, tuseme mbuzi au sungura, kwa wiki nane, bila kuonja kingine chochote. Ugumu wake sote tunaujua, kwa kuwa barazani kila mpita njia ana kipande cha samaki cha kumtupia nyau. Ifanyeni kwa mwongozo wa daktari, kwani nyama peke yake kwa muda mrefu humkosesha paka kalsiamu, na mapishi yasiyopangwa vizuri humkosesha taurini, ambayo ikipungua huharibu macho na moyo.

Kuhusu paka mweupe, au mwenye masikio na pua nyeupe, naomba usikilizwe kwa makini upande huu. Mombasa iko kama nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Ngozi nyeupe isiyo na manyoya ya kutosha huungua na jua mwaka baada ya mwaka, na saratani ya ngozi huanzia hapo: ncha ya sikio, pua, kope. Mwanzoni inafanana kabisa na mkwaruzo. Wekundu, kigaga, kinadondoka, kinarudi, kinatoa damu kidogo. Kidonda chochote cha namna hiyo kwa paka mweupe kisichopona ndani ya wiki tatu ni cha kupelekwa kwa daktari, si cha kupakwa. Kikiwahiwa, ncha ya sikio hukatwa na paka huishi miaka mingi. Kikiachwa, hula uso. Mpe kivuli kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na usimpake mafuta ya jua ya binadamu, maana mengi yana oksidi ya zinki au salisileti, na paka atayalamba.

Majeraha ya kupigana nitayapita haraka. Jino la paka hutoboa tundu dogo linalofunga juu na kuacha bakteria ndani, na baada ya siku chache shavu huvimba kuwa jipu lenye joto. Linahitaji kupasuliwa na kusafishwa, pamoja na antibiotiki. Dume asiyehasiwa ataendelea kurudi na majipu. Yako pia magonjwa ya kinga ya mwili inayoushambulia mwili wenyewe, yale ya virusi vya mafua ya paka, na kidonda cha mdomo wa juu kinachoonekana kama kimeliwa. Hayo hayatambuliwi kwa macho nyumbani.

Turudi kwenye dawa. Ini la paka halina uwezo ambao ini la binadamu au mbwa linao wa kuvunja kemikali nyingi. Zaidi ya hapo, chochote unachompaka usoni atakifuta kwa mkono na kukilamba, kwa hiyo hesabu kwamba umemnywesha.

Krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwa fangasi za watu nyingi huwa na steroidi ndani yake. Steroidi hupunguza wekundu na uwasho siku ile ile, na hapo ndipo mtu hushukuru. Lakini huidhoofisha kinga ya ngozi, utitiri ukaongezeka, kuvu likaenea, na sura ya ugonjwa ikabadilika mpaka daktari mwenyewe akapata taabu kuutambua. Losheni nyeupe ya upele wa watu, benzili benzoeti, ni sumu kwa paka. Permethrini, iliyomo kwenye dawa nyingi za viroboto vya mbwa na poda za kunyunyiza, humtetemesha na kumpa degedege ndani ya saa chache. Ukishampaka kwa kutojua, mwoshe upesi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha mkimbize kwa daktari. Amitrazi ya kuogeshea mifugo, iache huko kwa mifugo. Dizeli na oili chafu huunguza ngozi na kuharibu mapafu. Panadoli usimpe kamwe, hata robo: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima.

Na ile sindano ya agroveti? Mara nyingi ni ivermektini ya asilimia moja. Imetengenezwa ili mililita 1 imtoshe mnyama wa kilo 50. Paka wa kilo 4, kwa kipimo hicho hicho, angehitaji mililita 0.08, kiasi ambacho bomba la kawaida haliwezi kukipima sawasawa. Akichomwa "nusu tu", yaani nusu mililita, amepewa zaidi ya mara sita ya kipimo chake. Madaktari hutumia dawa hii kwa paka, lakini wao humpima uzito, huichanganya na huwaepuka vipaka wachanga. Kuichoma kwa kukisia hakufai kabisa.

Dawa za nyumbani nazo nizitaje kwa heshima. Mwarobaini una sifa zake Pwani, lakini mafuta yake yaliyokolea yamewahi kudhuru paka. Mafuta ya karafuu na ya maganda ya ndimu ni hatari kwao, na ndimu kwenye kidonda ni mateso tu.

Unachoweza kufanya usiku huu, kabla ya kumfikia daktari, ni hiki. Chemsha maji, yaache yapoe, changanya kijiko kidogo kimoja cha chumvi katika nusu lita, na umfute kwa pamba safi bila kung'oa magamba kwa nguvu. Mkate ncha za kucha. Mvalishe kola ya plastiki au uliyoishona kwa kitambaa kigumu ili asijichane zaidi. Mpige picha uso wote, mbele na pande zote mbili, kwenye mwanga wa mchana. Andika uwasho ulianza lini na wapi. Kama umeshampaka kitu, nenda na tyubu yenyewe. Usiku huo huo mpeleke ikiwa jicho limefumba au lina ukungu, hali chakula, uso umevimba, au anatetemeka.

Kwa daktari, uliza kama atakwangua ngozi na kuiangalia kwa hadubini. Ni kipimo cha dakika chache, na hutofautisha utitiri na mengine mengi. Ukwanguaji usipoonyesha kitu, omba nywele zipimwe kuvu. Madaktari wa mifugo husajiliwa na Kenya Veterinary Board chini ya sheria ya 2011, na una haki ya kuuliza kama anayemhudumia paka wako amesajiliwa.

Watu wa nyumbani wakitokwa na vipele vinavyowasha mikononi na tumboni, pale paka anapolala, semeni mapema. Utitiri wa upele wa paka hauwezi kuzaliana kwa binadamu, na vipele hivyo huisha wenyewe baada ya paka kutibiwa. Paka akikung'ata au kukukwaruza wakati wa kumpaka dawa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa kichaa cha mbwa kipo Kenya na paka hukipata pia. Chanjo yake huanza akiwa na umri wa miezi mitatu, na ziara ya ngozi ni nafasi nzuri ya kuuliza kama yuko tayari kuchanjwa.

Magamba yakidondoka na manyoya yakaanza kuota, dawa isikatwe. Upele unahitaji dozi zote alizopanga daktari, kwa paka wote wa nyumba. Choa huhesabiwa kuwa imeisha pale kipimo cha nywele kinaporudi hakina kuvu, na madaktari wengi hupenda vipimo viwili mfululizo. Na yule shume wa alfajiri, kama analala barazani kwako, mhesabu katika idadi ya paka utakaomtajia daktari, naye apate dawa yake.